Masika, Tope na Gari la Kusukuma Nyuma: Jinsi ya Kufika Ushongo Salama

Ukisema unakwenda Ushongo, ufukwe ulioko kusini mwa Mto Pangani mkoani Tanga, mwezi wa Aprili na gari lako ni Altezza, Mark X, Crown Athlete au GX110, watu wengi watakukataza. Watakuambia ile ni njia ya Land Cruiser na Hilux. Wana sababu, kwa kuwa gari linalosukumwa na matairi ya nyuma, tena lililo chini, huteseka kwenye tope kuliko magari mengi. Hata hivyo, siku nyingi za masika njia hiyo hupitika kwa dereva anayeijua tabia ya gari lake na ya ardhi anayoikanyaga. Mwongozo huu ni wa dereva huyo. Lengo lake ni ufike, urudi, na gari libaki zima.

Wenzetu wa Ulaya na Japani hulihofia gari la aina hii wakati wa theluji. Sisi wa pwani theluji yetu ni masika, kuanzia Machi hadi Mei, na kwa kiasi fulani vuli ya mwisho wa mwaka. Kanuni ni zile zile, na historia ya Afrika Mashariki imeshatoa ushahidi kwamba gari la aina hii linaweza kulishinda tope. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953, yalikuwa yakifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Lakini mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Datsun 240Z ni gari la michezo la milango miwili linalosukumwa na matairi ya nyuma.

Lifahamu gari lako kwanza

Kwenye magari haya injini iko mbele na nguvu inakwenda nyuma kwa propela shafti hadi kwenye difu. Maana yake, uzito mkubwa uko mbele ilhali matairi yanayofanya kazi ya kusukuma yako nyuma, chini ya buti ambayo mara nyingi ni tupu. Kwenye lami kavu hutaliona hilo. Kwenye udongo uliolowa, ukikanyaga mafuta ghafla, matairi ya nyuma huzunguka bure na mkia huanza kutafuta mtaro.

Jambo la pili ni difu ya kawaida. Tairi moja likikosa mshiko, ndilo linalozunguka, na lile lililoko mahali pazuri husimama tu. Baadhi ya Altezza RS200 zilitoka kiwandani na difu inayogawa nguvu kwa matairi yote mawili, lakini Mark X nyingi zilizoko mitaani hazina. Ipo pia Mark X inayosukumwa na matairi yote manne. Hakikisha unajua unayo ipi kabla ya kuanza safari.

Jambo la tatu ni vitufe. Magari mengi ya otomatiki yaliyotoka Japani yana kitufe chenye maandishi SNOW karibu na gia. Wajapani walikiweka kwa ajili ya theluji, nasi kinatufaa kwenye tope. Ukikibonyeza, gari huondoka na gia ya pili na nguvu huja taratibu, hivyo matairi hayashtuki. Kama gari lako ni la manyuo, fanya kazi hiyo mwenyewe: ondokea gia ya pili na uachie klachi polepole.

Kitufe cha TRC au VSC nacho kina wakati wake. Kwenye utelezi wa kawaida kiache kikiwa kimewashwa, kwa sababu hulishika tairi linalozunguka bure na kupunguza nguvu ya injini kabla mkia haujatoka. Kwenye mchanga mzito au tope la kuzama kizime, maana hapo unahitaji matairi yaendelee kuzunguka bila kukatwa nguvu.

Matairi ndiyo roho ya safari

Kagua maandishi ya ubavuni. Magari yanayoingia kutoka Japani mara nyingine huja na matairi ya theluji yenye neno STUDLESS. Mpira wake ni laini kwa ajili ya baridi kali. Kwenye joto la Tanga huisha haraka, na kwenye lami iliyolowa hayashiki breki vizuri. Usidanganyike na meno yake mazuri, yabadilishe.

Angalia pia namba nne za mwisho kwenye alama ya DOT. Namba 2319, kwa mfano, maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani hukakamaa na kupoteza mshiko hata kama meno bado yapo. Kisha pima kina cha meno. Milimita 1.6 ndiyo alama ya tairi kuisha, lakini kwa tope usikubali pungufu ya milimita 4, na jozi iliyo bora ikae nyuma.

Ndani ya gari weka vitu hivi: sepeto fupi, ubao mgumu wa kuweka chini ya jeki, kamba nene ya kuvutia, kipimo cha upepo, pampu ndogo inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti, tochi, na panga. Kagua kisanduku cha jeki kama kuna ile ndoano ya chuma inayofungwa kwenye tundu la bampa. Watu wengi hugundua kwamba haipo siku wanapovutwa, na kamba ikafungwa mahali pasipostahili hadi ikang'oa kitu.

Jaza tangi kabla ya kuvuka Mto Pangani. Mafuta lita 70 yana uzito wa kilo 50 hivi, na uzito huo unakaa upande wa nyuma ambako unauhitaji. Abiria nao wakae kiti cha nyuma. Ukiwa peke yako, weka gunia la mchanga la kilo 30 au 40 kwenye buti, karibu na kiti. Usizidishe, kwa sababu kila kilo unayoongeza inalishusha gari ambalo tayari liko karibu na ardhi.

Uliza kabla hujavuka

Mvua ya masika huku pwani mara nyingi hunyesha usiku na alfajiri. Panga kuvuka kuanzia saa nne asubuhi, jua likiwa limeanza kuikausha njia, na usipange kufika giza limeingia. Fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ambayo hutoa tahadhari za mvua kubwa kwa siku kadhaa mbele na huitaja Tanga kwa jina.

Kisha uliza watu wa njia. Kuuliza si ujinga, ila jua namna ya kuuliza. Ukimuuliza kijana wa bodaboda kama njia inapitika, atakuambia inapitika, naye hasemi uongo, kwa sababu pikipiki yake imepita. Mtafute dereva wa Probox au Noah aliyetoka upande wa Mwera, ng'ambo ya mto, asubuhi hiyo, msalimie kwa heshima, kisha umuulize hivi: "Kaka, gari dogo limepita leo? Ulikuta wapi pabaya?" Jibu lake lina thamani kuliko ramani ya kwenye simu.

Barabara ya pwani nayo imekuwa ikibadilika. Mradi wa Tanga–Pangani–Makurunge–Bagamoyo una urefu wa kilomita 256, pamoja na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani. Unapokuta ujenzi, pabaya zaidi huwa kwenye njia za mchepuko, ambako kifusi kibichi hulainika kwa mvua ya usiku mmoja. Hata pale lami ilipo, njia ya kutoka barabara kuu kwenda ufukweni Ushongo ni ya udongo na mchanga.

Kivuko cha Pangani na Bweni

Ukipita kwa kivuko cha serikali cha TEMESA, kinachovusha kutoka Pangani mjini hadi Bweni, kumbuka kwamba upo karibu na bahari na mto unafuata maji ya bahari. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, mteremko wa kuingilia kivukoni huwa mkali na bampa la gari lililo chini linaweza kugusa chuma. Kama una nafasi ya kuchagua, vuka maji yakiwa yamejaa. Abiria wateremke. Ingia polepole mno, ukiwa na mguu juu ya breki, na umfuate anayekuongoza. Ukiona pua itagusa, simama na umwambie. Dakika mbili za kusubiri ni nafuu kuliko bampa jipya.

Udongo mwekundu: mguu mwepesi

Kutoka Bweni unapanda kuelekea Mwera, kwenye eneo la mashamba ya mkonge, kabla ya kukata kushoto kushukia Ushongo. Safari nzima kutoka kivukoni haizidi kilomita 20, na sehemu inayohitaji akili yako yote ni udongo wa huko juu.

Udongo wa mfinyanzi ukilowa huganda kwenye matairi. Simama baada ya mita mia chache, ushuke na utazame: yale meno uliyoyalipia hayaonekani, yamejaa tope hadi tairi limekuwa laini kama mtungi. Hapo hata kusimama wima kwa viatu ni kazi. Gari liko kwenye hali hiyo hiyo, na kila unachofanya na mguu au mkono lazima kiwe cha taratibu.

Nenda mwendo wa kilomita 20 hadi 30 kwa saa, gia ya pili, mafuta kidogo yasiyobadilika. Kaa katikati ya njia, mahali palipoinuka, maana pembeni panainamia mtaroni na mkia utavutwa huko. Ukiona lori linakuja, tafuta mahali pagumu usimame ulipishe. Usikubali kusogezwa ukingoni.

Magari makubwa huacha mifereji mirefu. Usiingie ndani yake, kwa sababu sampo na difu vitakaa juu ya mgongo wa katikati na matairi yataning'inia. Weka matairi ya upande mmoja juu ya mgongo huo na ya upande wa pili juu ya ukingo, ili mfereji upite katikati ya gari lako. Usukani ushike kwa mikono miwili.

Kwenye kupanda, gari la kusukuma nyuma lina faida yake: uzito unarudi nyuma, juu ya matairi yanayosukuma. Shuka kwanza ukaangalie mlima wote, subiri aliye mbele yako amalize, kisha anza ukiwa na mwendo tayari na usiuongeze katikati. Matairi yakianza kuzunguka bure, legeza mafuta kidogo mpaka yashike, halafu endelea. Likigoma kabisa, usishindane nalo. Rudi nyuma moja kwa moja hadi chini, ukajaribu upande mwingine wa njia.

Kwenye kushuka faida hiyo hugeuka hasara. Uzito unakwenda mbele na nyuma kunabaki kwepesi. Punguza mwendo kabla ya mteremko na uchague gia ukiwa bado kwenye tambarare. Ukirudisha gia ghafla katikati ya mteremko, injini itayashika matairi ya nyuma kana kwamba umevuta breki ya mkono, na gari litageuka ubavu.

Mkia ukitoka

Siku moja utatoka. Utahisi usukani umekuwa mwepesi, kisha nyuma inaanza kusogea kama inataka kukupita. Fanya mambo matatu kwa mpangilio huu. Kwanza, legeza mafuta taratibu, usiukwapue mguu, na usiguse breki. Pili, zungusha usukani upande uleule mkia unaokwenda: mkia ukienda kushoto, usukani kushoto. Tazama mahali unapotaka kufika na usiutazame mtaro, kwa sababu mikono hufuata macho. Tatu, mara tu mkia unapoanza kurudi, nyoosha usukani mapema. Madereva wengi huokoa pigo la kwanza kisha huchelewa kunyoosha, na pigo la pili upande wa pili ndilo linalowatupa nje.

Haya hayajifunzwi kwa kusoma peke yake. Tafuta uwanja mpana wa udongo usio na watu wala watoto, uombe ruhusa kwa mwenyewe, na baada ya mvua ufanye mazoezi kwa mwendo mdogo kabisa. Saa moja pale itakufundisha mengi kuhusu mguu wako.

Maji yakikatiza njia

Usiingie kwenye maji ambayo hujayapita kwa miguu, fimbo mkononi. Yakipita nusu ya tairi, ngoja yapungue. Maji ya sentimita 30 tu yakienda kasi yanaweza kulinyanyua gari dogo. Kama uliweka filta ya hewa ya wazi iliyoshushwa chini kwenye bampa, jihadhari mara mbili, kwa maana injini huweza kunywa maji hata pale gari la kawaida linapopita. Ingia kwa mwendo wa kutembea, gia ya kwanza, bila kubadilisha gia katikati.

Injini ikizimika majini, usiiwashe tena. Maji yakiwa ndani ya silinda, kuwasha kunapinda konrodi, na hapo unazungumzia injini nyingine. Livute gari hadi pakavu, fundi atoe plagi na maji kwanza. Ukivuka salama, kanyaga breki kidogo kidogo huku unatembea ili zikauke, na ukifika nyumbani mwambie fundi akague mafuta ya difu. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia.

Mchanga wa Ushongo

Unaposhuka kuelekea minazi, udongo unaisha na mchanga unaanza, na hapo hesabu inageuka. Mvua inayoharibu udongo wa juu ndiyo inayoukaza mchanga wa chini. Mchanga uliolowa hubeba gari vizuri. Ule mkavu wa wakati wa kaskazi ndio unaomeza matairi. Kwa hiyo ukishavuka Mwera salama wakati wa masika, sehemu kubwa ya kazi umeimaliza.

Mahali pakiwa pakavu na laini, shusha upepo kutoka 32 hadi 20 au 22 PSI ili tairi lilale na kutanuka. Usishuke zaidi ya hapo kwa matairi membamba ya rimu kubwa, kwa sababu yanaweza kuchomoka. Fuata alama za waliotangulia, usikate kona kali, na ukitaka kusimama, achia mafuta liishie lenyewe. Breki hujenga kichuguu cha mchanga mbele ya kila tairi. Jaza upepo tena kabla ya kurudi barabarani.

Usiendeshe ufukweni. Kasa hutaga kwenye fukwe hizi, na mayai kutoka Kisiwa cha Maziwe huhamishiwa Ushongo ili yasimezwe na maji. Tairi moja linaweza kuangamiza kiota kizima. Tena maji hujaa na kupwa kwa zaidi ya mita tatu wakati wa bamvua, na gari lililokwama pale halina muda mrefu wa kusubiri msaada.

Ukikwama

Tairi likizunguka bure mara mbili bila gari kusogea, acha. Kila mzunguko wa ziada unachimba shimo, na gari lililo chini halichelewi kulala kwa tumbo. Shuka. Fukua mbele ya matairi ya nyuma kwa mteremko mrefu, na ufukue chini ya tumbo kama limegusa.

Huku Ushongo una msaada mzuri kuliko mikeka ya dukani: makuti na makumbi ya nazi. Mwombe mwenye shamba kwanza. Tanguliza makumbi yaliyokauka shimoni, upande wa nyuzi ukitazama juu, kisha laza makuti mawili au matatu juu yake, mashina yakielekea mbele, ncha zikisukumwa chini ya tairi. Waambie wote wasimame pembeni, mbali na nyuma ya gari, kwa kuwa tairi huweza kurusha kuti kwa nguvu. Halafu gia ya pili, mafuta kidogo, usukani umenyooka.

Kama gari lako lina breki ya mkono ya kuvuta, ivute vituo viwili vitatu huku ukikanyaga mafuta taratibu. Breki hiyo inashika matairi ya nyuma, hivyo lile linalozunguka bure linapata kizuizi na nguvu inakwenda kwa mwenzake. Ukishatoka, iachie mara moja.

Ukihitaji kuvutwa au kusukumwa, elewana na vijana kuhusu malipo kabla kazi haijaanza, na uwalipe vizuri. Wamesimama kwenye tope kwa ajili yako.

Ukifika nyumbani

Osha gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa chini: difu, mabomba ya breki, ndani ya mabawa. Tope lililoganda ndani ya rimu hufanya usukani utetemeke barabarani, na chumvi hula chuma kimyakimya.

Siku ya kusema hapana

Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, au dereva wa Probox akikuambia amegeuza njiani, usiende na gari lako. Liache mahali salama Pangani mjini, vuka kwa miguu na uchukue bodaboda upande wa Bweni. Baadhi ya hoteli za Ushongo zenyewe hufunga Aprili na Mei, kwa hiyo piga simu kabla hujatoka Tanga. Watu wa Ushongo huishi na masika kila mwaka na wanajua kusubiri. Nakusihi uwe na subira hiyo hiyo: gari la kusukuma nyuma linafika Ushongo kwa mguu mwepesi na uamuzi wa mapema, na udongo ukishakataa, nguvu ya injini haitakusaidia.